Lenzi ya kawaida yaweza kunasa miale ya urujuanimno, lakini sharti ipimwe kwanza

Na MWANDISHI WETU

JUA la Mombasa halihitaji kutambulishwa kwa mkazi wake. Mji huu uko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kila mwaka, yapata tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi wa mpita njia wa Likoni, Kisauni au Changamwe. Pamoja na nuru tunayoiona na joto tunalolihisi, jua hilo humimina miale mingine ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Hiyo ndiyo miale ya urujuanimno, ambayo huunguza ngozi, hudhuru macho na huchangia saratani ya ngozi.

Walio katika hatari kubwa zaidi ni watu wenye ualbino, ambao ngozi yao ina upungufu wa melanini, yaani rangi ya asili inayoukinga mwili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kwao, losheni ya kukinga jua ni kinga ya uhai wala haihesabiki miongoni mwa vipodozi. Ng’ambo ya mpaka, mjini Moshi nchini Tanzania, losheni iitwayo Kilisun hutengenezwa mahususi kwa ajili yao.

Hapa ndipo mpigapicha anapoingia. Kamera inayonasa urujuanimno huionyesha losheni kama wino mweusi uliopakwa usoni, na mahali palipoachwa bila kupakwa hubaki peupe. Mwaka 2014 msanii Thomas Leveritt aliwashangaza watazamaji wengi duniani kwa video iliyoonyesha jambo hilo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, waliwapiga picha za namna hiyo watu 57 waliojipaka losheni wenyewe, wakagundua kwamba kwa wastani watu hao waliacha kiasi cha asilimia 10 ya uso, hasa kwenye kope na pembe za ndani za macho.

Swali ambalo mpigapicha wa mtaani hujiuliza ni moja: je, lenzi niliyo nayo, hii ya kawaida inayojilenga yenyewe, yaweza kazi hiyo? Jibu ni kwamba baadhi zaweza, nyingine haziwezi, na zipo zinazodanganya. Hizo za mwisho ndizo za kuogopwa, kwa kuwa lenzi isiyopimwa yaweza kumwonyesha mzazi kuwa losheni ya mwanawe haifanyi kazi ilhali inafanya, au kinyume chake.

Miale hii ni ipi?

Nuru inayoonekana huanza kwenye urefu wa mawimbi wa kiasi cha nanomita 400, penye rangi ya urujuani, hadi kiasi cha nanomita 700 penye nyekundu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chini ya 400 ndiko kuliko na urujuanimno, nao wataalamu wameugawa katika mafungu matatu. Fungu A ni kuanzia nanomita 315 hadi 400, fungu B ni 280 hadi 315, na fungu C ni 100 hadi 280. Tabaka la ozoni huzuia fungu C lote na sehemu kubwa ya fungu B. Kwa hiyo takriban asilimia 95 ya urujuanimno unaofika ardhini ni wa fungu A.

Shirika la Afya Duniani (WHO) laeleza kwamba mchanga mkavu wa pwani hurudisha kiasi cha asilimia 15 ya miale hiyo, na povu la bahari kiasi cha asilimia 25. Ndiyo sababu mtu aliyeketi chini ya mwavuli katika ufuo wa Shelly, Likoni, huweza kuungua hali yuko kivulini.

Aliyefungua njia ya picha hizi ni mwanafizikia Mmarekani Robert Williams Wood (1868-1955) wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mnamo mwaka 1910 alikuwa tayari amechapisha picha za urujuanimno, na miongoni mwa mambo aliyoyaonyesha ni kwamba rangi nyeupe ya zinki hutokea nyeusi katika picha hizo. Zinki hiyohiyo ndiyo hutiwa katika losheni nyingi za kukinga jua hii leo.

Kwa nini lenzi nyingi huizuia?

Lenzi ya kisasa si kipande kimoja cha kioo. Lenzi maarufu ya milimita 50 yenye kipimo cha f/1.8 kwa kawaida ina vipande 6. Ile ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55, ambayo huuzwa pamoja na kamera, aghalabu ina vipande 11 au zaidi. Kila kipande hula sehemu ya urujuanimno. Gundi inayoviunganisha baadhi ya vipande hula sehemu nyingine, na utando uliopakwa juu ya vioo ili kupunguza mng’ao huongeza kizuizi.

Isitoshe, watengenezaji hawaoni hasara katika hilo. Urujuanimno ukiingia katika picha ya kawaida huleta ukungu na kuififisha, hivyo wao hufurahi ukizuiwa. Ndiyo maana lenzi za kazi hii hutengenezwa kwa mawe ya kwazi na floriti badala ya kioo cha kawaida. Mfano ni ile ya Nikon iitwayo UV-Nikkor ya milimita 105, ambayo huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Bei hiyo haimfai mwenye studio ndogo ya Kisauni.

Hata hivyo, kuna kanuni inayomsaidia mnyonge: kadiri vipande vinavyokuwa vichache na utando unavyokuwa hafifu, ndivyo matumaini yanavyozidi. Kwa sababu hiyo lenzi ndogo ya bei nafuu, isiyovuta, mara nyingi huishinda ile kubwa ya kifahari. Lakini kanuni si hukumu. Lenzi mbili zenye jina moja, zilizotengenezwa miaka tofauti, zaweza kutofautiana kwa sababu ya utando tu.

Kamera na kichujio

Kabla ya kuilaumu lenzi, itazame kamera. Kihisi cha kamera ya dijitali chaweza kuhisi urujuanimno wa karibu, ila mbele yake huwekwa kioo cha kuuzuia pamoja na miale ya infraredi. Katika kamera nyingi, kioo hicho lazima kiondolewe na fundi stadi. Zipo kamera chache za zamani ambazo kizuizi chake ni hafifu, mojawapo ikiwa Nikon D70 iliyotoka mwaka 2004, na wapigapicha wengi wa maua walianza nazo bila kuzifungua.

Kitu cha pili ni kichujio kinachofungwa mbele ya lenzi, kinachopitisha urujuanimno na kuzuia nuru inayoonekana. Msomaji asikichanganye na kile kioo cheupe kinachouzwa madukani kwa jina la kichujio cha urujuanimno. Hicho hufanya kazi iliyo kinyume, yaani huzuia miale hiyo. Vichujio vingi vya kupitisha huvujisha infraredi pia, na uvujaji huo ndio chanzo kikuu cha picha za uongo.

Vifaa vya majaribio

Vifaa vinavyohitajika havina gharama kubwa. Cha kwanza ni utepe mweupe mwembamba ambao mafundi wa mifereji huuzungusha kwenye maungio ya mabomba. Utepe huo huurudisha urujuanimno karibu wote, kwa hiyo ndio weupe wetu wa kweli. Karatasi nyeupe haifai, kwani hutiwa dawa ya kuing’arisha ambayo hunywa miale hiyo. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe haufai pia, kwa kuwa rangi nyingi zina madini ya titani na hutokea zikiwa nyeusi.

Cha pili ni miwani mieupe ya usalama, ya plastiki ngumu, kama ile inayovaliwa na wafanyakazi wa viwandani huko Changamwe. Plastiki hiyo, ingawa kwa jicho ni safi kama maji, huzuia karibu urujuanimno wote. Cha tatu ni krimu nyeupe ya zinki ambayo watoto wachanga hupakwa wanapochubuliwa na nepi. Zinki huanza kuizuia miale kwa nguvu kwenye nanomita 375 kwenda chini. Ongeza rula, stendi ya miguu mitatu na jani bichi la mnazi au la mwembe.

Bandika utepe juu ya ubao, upake mstari wa krimu ya zinki juu ya sehemu yake, kisha weka miwani mbele ya sehemu nyingine. Simamisha ubao juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mawingu. Tumia kamera ileile, kichujio kilekile na ubao uleule kwa kila lenzi, la sivyo ulinganisho hautakuwa na maana.

Jaribio la kwanza: ni urujuanimno kweli?

Piga picha ya ubao na jani. Ikiwa mwanga ulionaswa ni urujuanimno, vioo vya miwani vitatokea vyeusi kana kwamba ni vya jua, na jani litakuwa la giza. Iwapo miwani itatokea angavu na jani likawa jeupe kama pamba, basi ulichonasa ni infraredi iliyovuja. Hapo lawama ni ya kichujio, na hakuna haja ya kuendelea kuipima lenzi mpaka kichujio kingine cha kuzuia infraredi kiongezwe.

Ishara nyingine ni mandhari ya mbali. Ukitazama mlango wa Kilindini kutoka Likoni kwa picha ya urujuanimno halisi, anga huwa jeupe na ng’ambo ya pili hufifia katika ukungu, hata kama macho yako yanaiona wazi. Kwa infraredi, mambo hugeuka: anga huwa la giza na mandhari ya mbali huonekana kwa ukali.

Jaribio la pili: lenzi inashuka hadi wapi?

Hili ndilo jaribio lenye uzito mkubwa kuliko yote. Tazama sasa mstari wa krimu ya zinki. Ikiwa miwani ni nyeusi na mstari wa zinki pia ni mweusi, lenzi yako inapitisha miale iliyo chini ya nanomita 375, nayo yafaa. Ikiwa miwani imetiwa giza lakini zinki imebaki nyeupe au kijivu hafifu, lenzi hiyo inapitisha ukingo wa juu tu, kati ya 375 na 400.

Lenzi ya namna hii ya pili ndiyo inayodanganya. Hutoa picha yenye sura ya urujuanimno, na mwenyewe huamini kuwa amefaulu. Akimpiga picha mtoto aliyepakwa losheni ya zinki vizuri, uso utatokea kana kwamba haukupakwa kitu. Mzazi ataambiwa losheni ni bure, pengine aitupe, hali iliyokosea ni lenzi.

Katika kamera iliyofunguliwa, rangi pia zaweza kushuhudia. Baada ya kuirekebisha picha ili utepe uwe mweupe, miale mirefu ya karibu na 400 huelekea kuonekana ya samawati, na ile mifupi zaidi huonekana ya manjano. Lenzi ambayo picha zake zote ni za samawati, bila chembe ya manjano, ina uwezo mdogo. Ua la alizeti ni shahidi mzuri: ncha za petali zake hurudisha urujuanimno na vitako vyake huunywa, hivyo lenzi inayofaa huonyesha duara jeusi katikati, ambalo ndilo nyuki huliona anapotafuta chakula.

Jaribio la tatu: inapoteza nuru kiasi gani?

Wapigapicha huhesabu nuru kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia. Piga picha ya utepe bila kichujio, kisha ipige kwa kichujio ukirefusha muda mpaka utepe uwe na weupe uleule, bila kubadilisha tundu la lenzi. Tuseme picha ya kwanza ilihitaji sehemu ya 125 ya sekunde kwa tundu la f/8, na ya urujuanimno ikahitaji sekunde 2. Hiyo ni mara 250, yaani takriban hatua 8. Iwapo lenzi nyingine itahitaji sekunde 8, imepoteza takriban hatua 10, na kwa hiyo inapitisha robo tu ya kile kinachopitishwa na ya kwanza.

Hesabu hiyo si ya kujifurahisha. Mtoto hawezi kutulia kwa sekunde 8. Kwa picha ya uso, lenzi inayookoa hatua mbili ndiyo tofauti kati ya picha inayosomeka na picha iliyotikisika. Aidha, linganisha katikati na pembeni mwa utepe, kwa kuwa baadhi ya lenzi hupitisha vyema katikati pekee na kuacha kingo gizani.

Jaribio la nne: kulenga

Lenzi inayojilenga yenyewe hutegemea nuru inayoonekana. Katika kamera zenye kioo cha ndani, kichujio kikishafungwa, chombo cha kulenga huwa kipofu. Katika kamera zisizo na kioo hicho, zinazolenga kwa kihisi chenyewe, kujilenga huwezekana jua likiwa kali na lenzi ikiwa nzuri, lakini hakuaminiki wakati wote.

Zaidi ya hayo, urujuanimno haukutani mahali pamoja na nuru ya kawaida baada ya kupita katika kioo, na kiasi cha tofauti hubadilika kwa kila lenzi. Laza rula kwa mshazari mbele ya kamera, lenga kwenye sentimita ya 15 bila kichujio, zima mtambo wa kujilenga, funga kichujio na upige. Tazama ni sentimita ipi iliyotokea kwa ukali. Andika tofauti hiyo katika daftari pamoja na jina la lenzi, nawe utaifidia kila utakapopiga. Tundu la f/8 au f/11 hupunguza kosa, ijapokuwa hurefusha muda.

Picha haipimi kila kitu

Hata lenzi iliyofaulu majaribio yote ina mpaka wake. Miale ya fungu B, ambayo ndiyo huunguza ngozi zaidi, iko chini ya nanomita 315, nayo haipiti kabisa katika lenzi za kawaida. Picha yaonyesha mahali losheni ilipofika na mahali ilipokosekana. Haionyeshi nguvu ya losheni, wala haiwezi kuchukua nafasi ya namba iliyoandikwa kwenye chupa au ushauri wa daktari wa ngozi. Yafaa pia kukumbuka kuwa ngozi yenye melanini nyingi hunywa urujuanimno na kutokea nyeusi yenyewe, hivyo alama za losheni huonekana wazi zaidi kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino.

Vilevile, upigaji huu usichanganywe na taa za zambarau ambazo wenye maduka huzitumia kukagua noti. Katika kazi hiyo, urujuanimno huifanya noti ing’are kwa nuru inayoonekana, na lenzi yoyote ya kawaida yatosha kuipiga picha.

Tahadhari

Usilitazame jua kamwe kupitia kamera yenye kichujio hiki. Kwa jicho, kichujio ni cheusi na mboni hupanuka, lakini urujuanimno na infraredi hupita na waweza kuharibu jicho bila maumivu. Kadhalika, usitumie taa za kuulia viini kama mwanga wa kupigia picha za watu, kwani huunguza macho na ngozi. Jua latosha, na anayepigwa picha asikalishwe juani kupita dakika chache zinazohitajika.

Lenzi nazo zina adui yake hapa pwani. Joto na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo, na mawimbi mafupi hutawanywa na uchafu kuliko mengine. Kabla ya kununua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni dalili ya kuvu. Hifadhi lenzi katika chombo kinachofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Miaka ya 1990, wapigapicha wa kivuko cha Likoni walijulikana kwa vibanda vyenye mandhari ya kupendeza, hata mtaalamu Mjerumani Heike Behrend akaandika juu yao. Wateja walisafiri kwa picha bila kuondoka kivukoni, na hakuna aliyedhurika kwa kuwa kila mmoja alijua mandhari yale yalibuniwa. Picha ya losheni kwenye shavu la mtoto haina ruhusa hiyo. Mzazi ataiamini kama ilivyo, na ataitumia kuamua iwapo mwanawe atoke nje. Kwa hiyo anayetaka kuanza kazi hii aanze kwa ubao, utepe, miwani na krimu ya zinki, na lenzi isiyoweza kuuonyesha mstari wa zinki kuwa mweusi aitumie kwa arusi.